Kilo za Dereva Zinakula Sekunde Ngapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mwili wa dereva unachangia kiasi gani kwenye mbio za dragi, ambapo wawili hushindana kwenye njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402? Tumechagua zile zilizotaja gari, uzito na nguvu za injini, kwa sababu bila namba hakuna jibu, kuna ubishi tu. Majibu yetu ni ya mashindano yaliyoidhinishwa, yenye wasimamizi na gari la wagonjwa kando ya njia. Thika Road na Southern Bypass si viwanja vya mbio hata iwe saa tisa usiku, na anayezitumia hivyo anahatarisha watu wasiomjua wala kumkosea.

SWALI: Nina kilo 110, na mwenzangu ninayeshindana naye ana kilo 70. Sote tuna Subaru Impreza WRX STI zilizoshughulikiwa na fundi mmoja, farasi 300 kila moja. Vijana wa gereji wananiambia nimeshashindwa kabla taa hazijawaka. Ni kweli?
Miraba Minne, Ongata Rongai

JIBU: Ndugu Miraba Minne, unaanza ukiwa nyuma, ila si mbali kama wanavyokutisha.

Wapenzi wa mbio hizi wana kanuni ya siku nyingi iitwayo ya Hale. Ikigeuzwa kuwa ya kilo, inakwenda hivi: chukua uzito wote wa gari pamoja na dereva na mafuta, ugawanye kwa nguvu za farasi, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu hilo, kisha zidisha kwa 7.58. Unachopata ni sekunde za robo maili kwa gari lililoondoka vizuri bila kupoteza mshiko. Kipeuo cha tatu kimo kwenye kikokotoo cha simu nyingi. Ilaze simu upande na vitufe vya ziada vitatokea.

Tuseme kila gari lina kilo 1,450 likiwa na mafuta. Mwenzako akiketi ndani, jumla ni kilo 1,520, na kanuni inampa sekunde 13.02. Wewe ukiketi ni kilo 1,560, nawe unapata 13.13. Tofauti ni sekunde 0.11. Magari ya namna hii huvuka mstari wa mwisho yakikaribia kilomita 168 kwa saa, yaani kama mita 47 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 0.11 ni mita 5 na kidogo. Mwenzako anakuacha kwa zaidi kidogo ya urefu wa gari moja.

Tofauti haiwi kubwa zaidi kwa sababu kilo 40 hazifiki asilimia 3 ya mzigo wote, na muda haupandi sawa na uzito. Unapanda kwa theluthi yake. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 3, muda unaongezeka kwa asilimia 1. Ukishika hilo utaweza kujibu karibu kila ubishi wa gereji bila kanuni yoyote.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Mwanzoni kabisa, wakati matairi yanatafuta kushika lami, uzito wako haukuumizi sana, hasa kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kilo zinaongeza mzigo, lakini pia zinayakandamiza matairi chini na kuongeza mshiko kwa kiwango kilekile. Adhabu inaanza pale mshiko ukishatosha na injini ndiyo inayobaki kuamua, kuanzia gia ya pili kwenda juu.

Sasa tuone unavyoweza kuzirudisha hizo kilo 40. Tangi la STI lina lita 60. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.74, kwa hiyo ukija na lita 15 badala ya tangi kujaa, umeshusha kilo 33. Tairi la akiba, jeki na spana zake ni kilo nyingine 15 hadi 20. Hapo umeshafidia mwili wako kabla hujagusa kiti cha nyuma. Bila shaka mwenzako naye anaweza kufanya hivyohivyo, na ikiwa ni mtu makini atafanya. Ndiyo maana tunakushauri nguvu zako uzipeleke kwenye mita 18 za kwanza. Ukiokoa sekunde 0.1 kwenye kipande hicho, mara nyingi inageuka kuwa 0.15 au zaidi mwishoni, kwa kuwa kasi uliyoipata mapema unakwenda nayo njia nzima. Fanya mazoezi ya kuachia klachi kwenye mizunguko ileile ya injini kila mara, uandike upepo wa matairi wa kila mbio, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hajui kipi kilimsaidia.

Jambo moja kuhusu mwili mkubwa linahitaji uangalifu kuliko sekunde zenyewe. Hakikisha kiti kinakutosha mabegani na mapajani, na kwamba ukivaa helmeti inabaki nafasi isiyopungua sentimita 5 kati yake na paa au vyuma vya kizimba kinachomlinda dereva gari likipinduka. Usivue helmeti wala suti ili kupunguza kilo. Helmeti nzuri ni kilo moja na nusu tu.

SWALI: Nilitoka Mombasa na Mark X ya lita 2.5 isiyo na turbo, farasi 200. Tangu nihamie Nairobi nimepunguza kilo 9 kwa mazoezi, lakini gari limekuwa zito kuliko zamani. Fundi mmoja anasema injini imechoka, mwingine anasema ni plagi. Nianzie wapi?
Mtu wa Pwani, Embakasi

JIBU: Anzia kwenye mwinuko, na usinunue chochote kwanza. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu yake kwa takriban mita 1,700. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inakosa kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake kwa sababu kila pumzi inavuta oksijeni pungufu. Farasi wako 200 wa Mombasa wanakaribia 164 hapa.

Mark X yako pamoja nawe tukiikadiria kilo 1,590, kanuni ya hapo juu inakupa sekunde 15.1 kule na 16.2 huku. Mwinuko umekuchukulia sekunde nzima, na zile kilo 9 ulizozitolea jasho zimekurudishia sekunde 0.03. Kufidia mwinuko kwa kupunguza uzito peke yake ungehitaji kutoa karibu kilo 290, na gari lisingebaki na milango. Usivunjike moyo kuhusu mazoezi, afya ni faida tosha. Lakini usilinganishe muda wako wa Nairobi na wa mtu aliyekimbia Pwani.

Marekani jambo hili wanalijua vizuri. Uwanja wa Bandimere karibu na Denver, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa mita 1,768 juu ya bahari, karibu sawa na hapa kwetu, na NHRA, chama cha mbio za dragi cha huko, kilikuwa kinarekebisha viwango vya muda kwa madaraja kadhaa, yaani makundi ya mashindano, yaliyokimbia pale. Magari yenye turbo huumia kidogo tu, kwa sababu turbo husukuma hewa ya ziada, ingawa nayo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia mgandamizo uleule. Hii ndiyo sababu kubwa ya Subaru na Mitsubishi Evo kutawala mjini hapa.

Ikiwa gari linakosa nguvu zaidi ya kiwango hicho, hapo ndipo uangalie kichujio cha hewa na plagi.

SWALI: Mimi ni mwanamke mwenye kilo 52. Kwenye daraja letu wanaume wengi wana kilo 80 na zaidi, na sasa wanataka nibebe uzito wa ziada ili "tuwe sawa". Wana haki? Na kama ni lazima, nifunge nini na wapi?
Mwepesi, Kasarani

JIBU: Dada, fungua kwanza kanuni za shindano. Swali ni moja: je, daraja lenu lina uzito wa chini uliowekwa, na je, uzito huo unahesabiwa dereva akiwa ndani? Kama hakuna kifungu hicho, hakuna anayeweza kukudai hata gramu moja, na mwenye malalamiko ayapeleke kwa waandaaji au kwa Kenya Motor Sports Federation kabla ya shindano, si kwenye mstari wa kuanzia. Kama kipo, unachotakiwa ni kutimiza jumla iliyoandikwa. Hutakiwi kulingana na mwili wa mtu yeyote.

Mjadala huu ni wa zamani. Mwaka 2005 dereva wa kike Danica Patrick, mwenye takriban kilo 45, alimaliza wa nne kwenye mbio za Indianapolis 500 za Marekani, na dereva mwenzake Robby Gordon alilalamika hadharani kwamba wepesi wake unampa faida. Kabla ya msimu wa 2008 ligi ya IndyCar ikaanza kuhesabu uzito wa dereva. Formula 1 mwaka 2019 ilianza kutaka dereva pamoja na kiti chake wafikishe kilo 80, mwaka 2025 kiwango kikapanda hadi 82, na anayepungukiwa anafungiwa vyuma palepale kwenye eneo la kiti. Kwenye dragi, daraja la Pro Stock la NHRA lina uzito wa chini wa pauni 2,350, kama kilo 1,066, dereva akiwa ndani.

Waambie pia hili, maana ndilo linalowaponyoka. Pale penye uzito wa chini unaojumuisha dereva, mtu mwepesi bado ana faida, na ni halali. Kilo 28 za mwili wa mwanamume zinakaa kwenye kiti, mahali pamoja, juu ya sakafu. Kilo 28 za bamba lako unaziweka chini kabisa na mahali unapotaka. Kwenye gari la kuvuta kwa nyuma, ziweke karibu na ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, kwa kuwa dereva wetu hukaa kulia na upande ule mwingine huwa mwepesi. Kwenye gari la magurudumu manne, sakafu ya abiria wa mbele inafaa. Kwenye gari linalovuta kwa mbele, zisogeze mbele kadiri inavyowezekana, ila kamwe si karibu na miguu yako au pedali.

Kuhusu kufunga, hapa hatuna mzaha. Bamba la chuma la sentimita 30 kwa 30 lenye unene wa sentimita 2 lina kilo 14, kwa hiyo mawili yanakupa kilo 28. La madini ya risasi lenye vipimo hivyohivyo lina kilo 20 na ushei, ni dogo kwa uzito wake, lakini risasi ni sumu. Usiyeyushe betri kuukuu nyumbani, na ukishika risasi nawa mikono kabla ya kula. Sisi tunapendelea chuma. Fundi yeyote wa Kariobangi Light Industries atakukatia na kutoboa kwa muda mfupi.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, katika Kiambatisho J, zinataka bolti za daraja la 8.8 (kipimo cha ugumu wa bolti) zenye kipenyo kisichopungua milimita 8, na bamba la kuegemeza upande wa chini wa sakafu kwa kila bolti. Tumia bolti nne za milimita 10 kwa kila bamba, nati za kujifunga, na vipande vya chuma cha milimita 3 chini ya sakafu. Ukitumia washa ndogo peke yake, bati la gari litachanika kama karatasi siku ya ajali. Gari linaposimama ghafla kwa nguvu ya mara 20 ya uzito, kilo 28 huvuta kama kilo 560. Kabla ya kutoboa, lala chini ya gari uangalie mirija ya breki na ya mafuta inapita wapi.

SWALI: Mark II yangu ina injini ya 1JZ yenye turbo na inavuta kwa nyuma. Matairi yanazunguka bure mwanzoni. Nimeambiwa niweke mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye buti. Inasaidia?
Moshi Mweupe, Umoja

JIBU: Usifanye hivyo, na tunakuomba kwa dhati uwaambie na wengine.

Tuichambue hesabu kwanza, maana wazo lenyewe lina chembe ya ukweli. Gari la namna hiyo pamoja na dereva ni kama kilo 1,530, na nyuma hubeba kama asilimia 45, yaani kilo 688. Kilo 50 juu ya ekseli ya nyuma zinaongeza mzigo wa matairi hayo kwa asilimia 7, na uzito wa gari zima kwa asilimia 3. Mshiko umezidi mzigo, kwa hiyo mita 20 za kwanza unapata kitu, kama sekunde 0.04. Lakini mfuko huo unaubeba mita 380 zilizobaki, na kule unapoteza zaidi ya sekunde 0.1.

Hayo ni ya muda. La hatari ni kwamba saruji haifungiki. Baada ya mstari wa mwisho unafunga breki ukiwa na zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Ukigonga kitu, mfuko wa kilo 50 unakuja mbele kwa nguvu ya tani nzima, na mgongo wa kiti cha nyuma hauwezi kuuzuia.

Dawa ya kuteleza ni matairi na namna ya kuondoka. Kwa matairi ya kawaida, punguza upepo wa nyuma kwa psi 2 kila mbio, kutoka 32 kushuka hadi 24 au 26, huku ukiandika muda wa mita 18 za kwanza. Utafika mahali muda unaacha kupungua; rudi hatua moja. Usishuke chini ya psi 20 kwa tairi la kawaida kwani kuta zake hulegea, gari likayumba kwa kasi, na tairi linaweza kutoka kwenye rimu. Kagua shokomzoba za nyuma pia. Zikiwa zimekufa, gurudumu linadunda na kupoteza mshiko hata upepo ukiwa sahihi. Na kabla ya kurudi nyumbani, jaza upepo tena.

SWALI: Naendesha pikipiki ya cc 1000, kilo 200 ikiwa na mafuta. Nina kilo 90 nikiwa na mavazi yote, rafiki yangu ana 60. Yeye hunishinda kila mara kwa pikipiki yangu mwenyewe.
Mrefu, Lang'ata

JIBU: Kwenye gari tumezungumza asilimia 3. Kwako kilo 30 ni zaidi ya asilimia 11 ya mzigo wa rafiki yako. Kwa kanuni ya theluthi, hiyo ni karibu asilimia 4 ya muda, na kwenye mbio ya sekunde 10.5 inakuwa karibu 0.4. Kwa vitendo tarajia pungufu ya hapo, kwa sababu sehemu ya kwanza ya mbio haiamuliwi na nguvu bali na gurudumu la mbele kutaka kuinuka.

Kuinuka huko hakujali kilo zako ni ngapi, kunajali ziko wapi. Kiwango cha juu cha mchapuko, yaani jinsi kasi inavyopanda, kabla gurudumu halijainuka ni umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye kitovu cha uzito, ukigawanywa kwa urefu wa kitovu hicho kutoka ardhini. Kikiwa sentimita 70 mbele ya ekseli na sentimita 62 juu, pikipiki inavumilia mara 1.13 ya mvutano wa dunia. Kikishuka hadi sentimita 57, inavumilia 1.23. Mtu mrefu akiketi wima ndiye anayekipandisha. Basi lala: kidevu juu ya tangi, viwiko ndani, makalio yaende mbele hadi yaguse tangi wakati wa kuondoka. Wanaokimbia dragi kwa dhati hushusha sehemu ya mbele kwa mikanda na kurefusha mkono wa gurudumu la nyuma, kwa sababu hiyohiyo. Pikipiki iliyorefushwa hivyo haikati kona vizuri, usiipeleke kazini.

Ukishapita kilomita 200 kwa saa, upepo unakuwa adui kuliko kilo. Mabega yako yakichomoza nje ya kioo, unapoteza hata kile ulichookoa mwanzoni.

Usijitese kufikia kilo 60. Kwenye daraja la Pro Stock Motorcycle la NHRA, Angelle Sampey, mwanamke mwenye umbo dogo, alikuwa bingwa 2000, 2001 na 2002, na daraja hilo huhesabu uzito wa pikipiki pamoja na mwendeshaji. Kama shindano lenu halina kanuni hiyo, pendekezeni iwekwe. Kwa pikipiki ina maana kubwa kuliko kwa magari.

SWALI: Ikiwa mafuta ni uzito, kwa nini nisikimbie na lita 3 tu? Nina Subaru Forester yenye turbo.
Kibuyu Tupu, Zimmerman

JIBU: Kwa sababu utaokoa sehemu chache za mia za sekunde na kuua injini. Gari likichapuka kwa 0.6 ya mvutano wa dunia, uso wa petroli ndani ya tangi unainama kwa nyuzi 31. Petroli yote inakimbilia nyuma, na pampu ikibaki inavuta hewa hata kwa nusu sekunde, presha inashuka. Turbo haijui hilo, inaendelea kusukuma hewa. Mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka hapohapo. Hutasikia chochote kwa sauti ya ekzosi.

Tangi la Subaru ya magurudumu manne lina mabonde mawili, moja kila upande wa shafti, na petroli ya upande mmoja huhamishwa kwenda kwenye pampu na kifaa kidogo cha kufyonza. Mafuta yakiwa machache sana kifaa hicho hakifanyi kazi yake inavyopaswa. Bakiza robo tangi. Kati ya mbio na mbio ongeza kile ulichotumia, ili uzito uwe uleule na uweze kulinganisha muda wa kwanza na wa tano.

SWALI: Nipime gari wapi hapa Nairobi, na nipimeje?
Mhesabu, South B

JIBU: Mizani ya malori husaidia kupata jumla tu, kwani nyingi husoma kwa hatua za kilo 10 au 20. Haitaonyesha tofauti ya dereva mmoja na mwingine kwa usahihi. Jipime mwenyewe kwa mizani ya nyumbani ukiwa na suti, viatu na helmeti, kisha ujumlishe. Ukitaka kujua mbele na nyuma, pandisha magurudumu ya mbele peke yake kwenye mizani, soma, kisha gari zima, halafu utoe. Sakafu lazima iwe tambarare, la sivyo utasoma uongo.

Bora zaidi ni gereji zenye mizani nne ndogo, moja kwa kila gurudumu. Weka mafuta ya siku ya mbio, upepo wa siku ya mbio, usukani unyooke, breki ya mkono iachiliwe, dereva aketi ndani na mikanda imefungwa. Dundisha gari mbele na nyuma kabla ya kusoma ili springi zikae. Sakafu ikiinama hata sentimita moja chini ya gurudumu moja, namba za pembe kwa pembe zinaharibika. Jumla itabaki karibu na ukweli, mgawanyo hautabaki.

SWALI: Nimeuziwa rimu nyepesi Kirinyaga Road kwa maneno kwamba kilo moja ya rimu ni sawa na kilo kumi za dereva. Ni kweli?
Mnunuzi, Pangani

JIBU: Si kweli. Kitu kinachozunguka kina kazi mbili, kwenda mbele na kuzunguka, lakini hata uzito wote ungekuwa ukingoni kabisa mwa tairi, kilo moja ingehesabiwa kama mbili. Kwa rimu halisi ni kama moja na nusu. Ukiokoa kilo 3 kwa kila rimu, jumla 12, ni sawa na kupunguza mwili kwa kilo 18, yaani karibu sekunde 0.05 kwa gari la kilo 1,500. Ni faida nzuri. Kagua tu kama zina nyufa karibu na matundu ya bolti, maana rimu hafifu huvunjika kwenye mashimo ya mjini kabla hata hujafika kwenye mbio.

SWALI: Siku tatu kabla ya mbio naacha kunywa maji na natumia vidonge vya kukojoa. Napungua kilo 4. Wenzangu wanasema ni ujinga.
Mfungaji, Kayole

JIBU: Ndugu yetu, acha leo. Kilo 4 kwenye gari la kilo 1,500 ni sekunde 0.01. Mwili uliokaukiwa na maji unachelewa kuona taa na kuamua, na kichwa kikiuma ndani ya helmeti juani unaweza kupoteza mara kumi ya hizo kabla gari halijasogea. Vidonge hivyo huvuruga chumvi za mwili, na moyo hutegemea chumvi hizo kupiga sawasawa. Vilevile vimo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Ukitaka kupungua, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwa chakula na mazoezi, inatosha. Siku ya mbio kunywa kidogokidogo tangu asubuhi, hasa ukiwa ndani ya suti.

SWALI: Mimi ni mwepesi, gari langu ni jepesi, tiketi ya muda inaonyesha nina sekunde chache kuliko mpinzani. Lakini yeye ndiye aliyetangulia kufika. Mitambo imekosea?
Nimeibiwa, Donholm

JIBU: Mitambo iko sawa. Penye taa na miale ya kupimia, saa ya gari lako haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza gurudumu lako la mbele linapoondoka kwenye mwale. Muda uliochelewa baada ya taa huandikwa mahali pengine kwenye tiketi, kama muda wa kuitikia. Ukimaliza kwa 13.00 lakini ukaitikia kwa 0.45, na yeye akamaliza kwa 13.10 akaitikia kwa 0.20, amefika kabla yako kwa sekunde 0.15. Kwa gari la kilo 1,500, kuchelewa sekunde 0.1 ni sawa na kubeba kilo 35 hivi, kwa hiyo wepesi wako wote uliuacha kwenye mstari.

Taa za njano kwenye madaraja ya kawaida hupishana kwa sekunde 0.5. Usingoje kijani. Ondoka ya mwisho ya njano inapowaka, kisha usome tiketi: ukipata taa nyekundu mara kwa mara, umewahi; ukibaki juu ya 0.2, bado unangoja. Na unapojipanga, sogea polepole hadi taa ndogo ya pili, inayoonyesha gurudumu limefika kwenye mwale wa kuanzia, iwake tu, usimame hapohapo. Ukisogea zaidi gurudumu linakuwa karibu kutoka kwenye mwale, kuitikia kunaonekana kwa haraka, lakini unapoteza ule mwendo mfupi wa bure kabla saa haijaanza, na muda wa robo maili unapanda. Chagua mahali pamoja pa kusimama, na usimame hapo kila mbio.